Sponji Niliyoikamua Mara Mbili

Nakumbuka siku moja ya Jumamosi, mwanangu, beki wetu wa kati alimaliza mechi, akanawa, akachana nywele, kisha akapanda basi la timu tuliyotoka kuifunga. Aliketi dirishani akaimba nao mpaka Gilgil. Hakuna aliyemshuku, maana alikuwa na adabu na sauti nzuri ya besi. Nahodha wao alipohesabu watu wake akapata mmoja wa ziada, ndipo akamwendea na kumuuliza, "Boss, wewe ni wetu kweli?" Beki akamtazama kwa upole, akasema, "Kwani nyinyi ni akina nani?"

Walimshusha, wakamwombea nafasi kwenye lori la kabichi lililokuwa likielekea Nakuru, na dereva akapewa kikaratasi kilichosema: Huyu ni wenu, asanteni kwa kutuazima. Jua lilikuwa halijatua alipofika kwenye lango la kiwanda chetu, amekalia kabichi kama chifu anayekagua wilaya yake. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi nilicheka kuliko wote, kwa sababu mwenye hatia ndiye huwa na kicheko kirefu.

Beki huyo anaitwa Lang'at. Ni mume wangu, baba wa watoto wangu wanne, na hivi ninavyokuandikia yuko jikoni hapa Olenguruone anamenya viazi. Amevaa miwani ya jua ndani ya nyumba, na nje kuna ukungu mzito hata ng'ombe hawaonekani. Nitakueleza ni kwa nini, lakini usinikimbize. Mimi ni mwanamke wa miaka sitini na minne, na hadithi yangu ina magoti mazito kama yangu.

Wewe unayevaa jezi, wewe unayelipwa kwa kukimbia na kuruka na kugongana, nakuomba usikie mpaka mwisho. Wenzangu wa kanisani hawaamini nikiwaambia kwamba zamani nilikuwa nikikimbia uwanjani na ndoo mkononi, sketi nimeikunja, na watu elfu wananipigia makofi. Walinijua nikiwa tayari na kiuno cha kinamama. Lakini ni kweli. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, msichana wa Bahati niliyesomea huduma ya kwanza, nikaajiriwa kwenye zahanati ya kiwanda kimoja cha magunia karibu na Kaptembwo, pale Nakuru. Kiwanda chenyewe kilifungwa siku nyingi, usihangaike kukitafuta.

Siku hizo kila kiwanda chenye jina kilikuwa na timu yake ya mpira. Wachezaji waliandikwa vitabuni kuwa makarani na watunza stoo, lakini hata paka wa kiwandani alijua kwamba mshahara wao ulitoka miguuni. Ukicheza vizuri, unashinda stoo kivulini na kalamu sikioni. Ukikosa mechi tatu, Jumatatu unajikuta unapakia magunia kwenye malori, na vumbi la katani linakuingia hadi kwenye ndoto. Kwa hiyo mchezaji aliogopa kutolewa uwanjani kuliko alivyoogopa kuumia.

Mkubwa wangu pale zahanati alikuwa Mzee Shiundu, dresa wa zamani, yaani mfunga vidonda, mtu wa Kakamega, mwembamba, ambaye hakucheka ovyo. Goti lake moja lilikuwa bovu, akitembea polepole. Mzee huyu alikuwa na sheria yake. Mchezaji akigongwa kichwa, harudi kucheza mpaka ajibu maswali matano. Aliyaandika kwenye kipande cha katoni, akakitoboa na kukivaa shingoni kwa kamba ya gunia. Tuko uwanja gani? Tunacheza na nani? Hiki ni kipindi cha kwanza au cha pili? Nani amefunga bao la mwisho? Wiki iliyopita tulicheza na nani? Ukikosa moja tu, unatoka, hata kama wewe ni mtoto wa meneja.

Kazi yangu ilikuwa rahisi. Mtu akianguka, mimi mwenye magoti mazima nakimbia mbele na ndoo, namwosha uso kwa sponji ya maji baridi, na Mzee Shiundu anakuja nyuma taratibu na katoni lake. Sasa ona vile shetani anavyopenda nafasi ndogo. Kati ya kufika kwangu na kufika kwake kulikuwa na nusu dakika hivi.

Lang'at alikuwa mrefu, mkimya, kijana wa huku huku Olenguruone. Alikuwa anaruka kuupiga mpira kwa kichwa kama mtu anayechuma parachichi. Nilimpenda, na sitaona haya kusema hivyo kwa umri huu. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Kila mtu alijua isipokuwa yeye. Siku ya kwanza alipopigwa kiwiko cha sikio, nilimkuta ameshika nyasi kwa mikono miwili kana kwamba uwanja unataka kumtupa. Akaninong'oneza, "Sista, nikitoka leo, Jumatatu niko kwa magunia." Nikatazama nyuma, Mzee Shiundu bado anakuja. Nikainama kumwosha sikio, nikamwambia majibu yote matano haraka haraka. Mzee alipofika akauliza, na Lang'at akajibu kama mwanafunzi bora. Akarudi kucheza. Jioni aliniletea mahindi ya kuchoma na soda, nikajiona nimeokoa maisha ya mtu.

Baada ya hapo ikawa desturi. Tuliboresha mambo, maana ujanja wa vijana haukosi karakana. Jina la uwanja, jina la wapinzani na mechi ya wiki iliyopita, wachezaji waliyakariri asubuhi wakifunga kamba za viatu. Kipindi nilikionyesha kwa sponji: nikiikamua mara moja, ni cha kwanza, nikiikamua mara mbili, ni cha pili. Mfungaji nilimtaja masikioni wakati wa kuosha. Timu nzima ilinipenda. Nilipewa jina la Sista Majibu, na nilijivunia jina hilo kama cheo.

Ikaja siku ya kucheza na Thika hapo kwetu Nakuru. Ilikuwa mechi ya kombe, na uwanjani walikuwapo watu waliokuja kuchagua wachezaji wa timu ya taifa, tena tuliambiwa wazi kwamba wamemfuata Lang'at. Kipindi cha pili kona ikapigwa, Lang'at akaruka kuokoa, akaukosa mpira na kukutana na mlingoti wa goli. Ule mlio niliusikia nikiwa nimekaa kwenye benchi. Nilikimbia. Nilipomfikia, macho yake yalikuwa wazi lakini mwenyewe hakuwemo. Niliona hivyo, mwanangu. Sitajitetea kwamba sikuona. Nilikuwa nimefundishwa kuona.

Nikaiingiza sponji ndani ya ndoo, nikamwosha, nikaikamua mara mbili mbele ya uso wake, nikasema sikioni, "Owino, kwa kichwa." Mzee Shiundu akafika, akauliza maswali matano, akapata majibu matano. Alimtazama Lang'at kwa muda, akanitazama mimi, akashusha pumzi na kumpa refa ishara. Lang'at akacheza mpaka kipenga cha mwisho na kuokoa mipira miwili kwa kichwa hicho hicho. Watu wakambeba mabegani. Walipomshusha, basi la kwanza alilokutana nalo lilikuwa la Thika, na hapo ndipo tulipoanzia.

Jumatatu asubuhi, wakati kiwanda kizima kinacheka habari za kabichi, Mzee Shiundu aliniita ndani ya zahanati akafunga mlango. Hakupaza sauti. Aliliweka katoni lake mezani, akaniuliza, "Wanjiru, mtu anayejua uwanja, anajua wapinzani, anajua mfungaji, anapandaje basi la watu wengine?" Nikaanza kulia hata kabla sijajibu. Nikamweleza yote, sponji na mahindi na soda.

Alinisikiliza mpaka nikamaliza, akasema, "Sasa nikwambie kitu, msichana wangu. Haya si maswali ya shule. Mimi sikuwa namuuliza Lang'at. Nilikuwa nakiuliza kichwa chake kama kiko salama. Wewe ukajibu na kichwa chako. Kilichopasi ni kichwa chako, na kilichorudi kugongwa ni chake." Nikaapa sitarudia, akaniamini, akanipa bandeji za kufua, na hakulitaja tena jambo hilo.

Ungedhani nilikoma. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi nilisikia vizuri sana, lakini guu lililovunjika halikuwa langu, na hiyo ndiyo hatari yenyewe. Wiki tatu zilipita, Lang'at akagongwa tena, akanitazama kwa yale macho ya kuomba, na mimi nikaikamua sponji. Nikaikamua msimu huo na msimu uliofuata. Mara ngapi, sitasema, kwa sababu hata mimi niliacha kuhesabu. Ile timu ya taifa ilimchukua kwa miezi michache, akapanda ndege, akaniletea kitenge, akanioa. Nilikuwa mwanamke mwenye furaha kuliko wote Bonde la Ufa.

Mzee Shiundu alikuja harusini na suti yake ya kijivu. Alituletea sufuria, na ndani ya sufuria akaweka kile kipande cha katoni, kimefungwa vizuri kwa karatasi ya zawadi. Wageni walidhani ni mausia ya ndoa. Mwenyekiti wa harusi akakisoma kwa sauti mbele ya watu wote: tuko uwanja gani, tunacheza na nani, na kanisa zima likaangua kicheko. Mzee hakucheka. Aliniambia tu, "Tunza vizuri." Nikasema ndiyo, nikifikiri anazungumzia sufuria. Katoni hilo linaning'inia jikoni kwetu mpaka leo, limekuwa jeusi kwa moshi.

Mpira ulipokwisha tukahamia huku kwa wazazi wake, tukalima viazi, tukafuga. Kwa miaka mingi hapakuwa na neno. Baadaye, Lang'at akikaribia hamsini, mambo madogo yakaanza kupiga hodi. Kichwa kinamuuma akikaa juani, kisha hata kwenye mwanga wa dirishani, ndipo akaanza kuvaa miwani nyeusi ndani ya nyumba. Kelele za watoto wakicheza, ambazo alizipenda, zikaanza kumkasirisha mpaka anagonga meza, kisha anaomba radhi na machozi yanamlengalenga. Akafunga zizi ng'ombe wakiwa nje. Siku moja alipotea njia kutoka sokoni, njia aliyoipita tangu akiwa mtoto. Tulikwenda kwa daktari Nakuru, daktari mpole, kijana wa umri wa mwanangu. Alimpima, akauliza juu ya maisha yake, na alipofika kwenye mpira akaacha kuandika.

"Mzee aligongwa kichwa mara ngapi?" akaniuliza.

Nikamwambia sijui. Akasema huenda si ule mlingoti peke yake. Alisema kichwa kikigongwa kinahitaji kupumzishwa hadi kipone, na kwamba kugongwa tena kabla hakijapona, tena na tena, ndiko kunakoleta deni ambalo mtu hulilipa uzeeni. Hakujua alikuwa anaongea na nani. Nilishika mkoba wangu kwa nguvu njia yote ya kurudi nyumbani.

Lakini usidhani nyumba yetu ni ya matanga. Lang'at ni mcheshi kuliko alivyokuwa kijana. Akipoteza miwani, anamlaumu ng'ombe. Akimsalimia mtu mmoja mara nne asubuhi moja, yule mtu anasema mzee ana adabu kweli. Vijana wa boda boda wote wanamjua. Wakimkuta amesimama njia panda anatafakari, wanamwambia, "Mzee, panda, Mathe ameivisha chai," na anapanda bila kuuliza huyo Mathe, yaani mama, ni nani. Jina la mtoto likimkimbia, halifukuzi. Anatafuta njia ya kuzunguka, kama mtu anayekwepa dimbwi, na watu wanacheka wakidhani anatania. Mimi ndiye ninayejua kwamba hatanii.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Yangu yalikuja mwaka jana, Jumatatu saa nne asubuhi, na begi la viatu vya mpira mgongoni.

Mjukuu wetu wa kike, Cherono, ana miaka ishirini na mbili na anacheza mpira wa kulipwa, beki wa kati kama babu yake, urefu ule ule, kuruka kule kule. Yeye humwita babu yake Agui kama Wakipsigis, na mimi ananiita Shosho kama Wakikuyu. Kwetu kila mtu amepata haki yake. Alikuja kupumzika siku chache. Alisema amechoka tu. Nikampikia githeri ya mahindi na maharagwe, nikamwona anakula akiwa ameupa mgongo mlango ili mwanga usimpate. Siku ya pili akaazima miwani ya ziada ya Agui wake. Wakakaa mezani wawili hao, wamevaa miwani nyeusi, wanakunywa chai kimya. Mgeni angeingia angedhani ni wanamuziki wa bendi waliokosa usafiri.

"Chero," nikamwambia, "umegongwa kichwa."

"Shosho, ni kidogo tu. Tuligongana na msichana mmoja Jumamosi. Hata sikuanguka kabisa."

"Umetapika?"

Akatoa karatasi mfukoni, akaifungua mbele yangu. "Daktari wa timu atakupigia kesho saa tisa. Siku hizi lazima aulize mtu wa nyumbani. Nimekuandikia majibu. Akiuliza kama kichwa kinauma, sema hapana. Akiuliza kuhusu mwanga, sema nashinda shambani. Akiuliza usingizi, sema nalala poa. Please, Shosho. Jumamosi hii kuna wageni kutoka ng'ambo wanakuja kuangalia mechi. Wamekuja kuniona mimi. Nikikosa hiyo, nimerudi ligi ya chini kukula vumbi."

Niliichukua ile karatasi, na mkono wangu ukahisi maji. Naapa, mwanangu, miaka arobaini na ushei imepita na nilihisi maji baridi ya sponji yakinitiririka hadi kwenye kiwiko. Alikuwa ameniandikia majibu. Aliyewafundisha wengine kujibu, leo anafundishwa.

Usiku huo sikufumba jicho. Nilijua nikisema kweli, nitamkosesha safari ya maisha yake kwa mdomo wangu mwenyewe, na labda asinisamehe. Nikisema uongo, ninajua unapofika. Mwisho wake ulikuwa Lang'at, amelala kando yangu, anakoroma.

Kesho yake baada ya chakula tulikuwa jikoni sote watatu. Lang'at anamenya viazi, kazi anayoipenda kwa sababu viazi havina majina. Nikamsimulia Cherono habari ya basi la Thika. Alikuwa ameisikia mara mia kama kichekesho. Sasa akaisikia na sponji ndani yake. Alitikisa kichwa, akakunja uso kwa maumivu, akasema, "Hizo zilikuwa siku za kale, Shosho. Na Agui mbona yuko sawa? Ni kusahau tu kwa uzee."

Nikalichukua lile katoni ukutani, nikapangusa moshi, nikageukia mume wangu. "Lang'at. Tuko uwanja gani?"

Lo, ungemwona! Alisimama wima, kisu mkononi, kifua mbele. "Uwanja wa mjini."

"Tunacheza na nani?"

"Thika."

"Kipindi gani?"

"Cha pili."

"Nani amefunga bao la mwisho?"

"Owino, kwa kichwa."

"Na wiki iliyopita?"

"Nyeri. Sare."

Cherono akapiga makofi na kucheka, ingawa alijishika kichwa. "Ona! Agui ana akili kutushinda sisi wote!" Akamwendea, akamkumbatia kwa nyuma, akamuuliza kwa utani tu, "Haya, Agui, na mimi ni nani?"

Lang'at akavua miwani. Akamgeuza mtoto yule taratibu, akamtazama uso kwa mapenzi yote, muda mrefu. Akatabasamu. "Wewe ni wa hapa nyumbani."

"Najua. Jina, Agui."

"Jina?" Akanionyesha kwa kisu, akicheka. "Muulize Sista. Yeye ndiye huwa ananipea majibu."

Akavaa miwani yake, akakaa, akaendelea kumenya.

Cherono hakulia mara moja. Aliangalia alama za kisu kwenye meza, akaniangalia mimi, na wakati huo huo simu ikalia. Ilikuwa saa tisa kamili. Daktari alikuwa mtu wa saa. Nikaipokea, nikasema haloo, nikavuta pumzi ya kusema kweli, maana nilikuwa nimeshaamua. Kabla sijatoa neno mjukuu wangu akanitoa simu mkononi.

"Daktari, ni mimi Cherono," akasema. "Kichwa kinauma tangu Jumamosi. Mwanga unanisumbua. Nimetapika mara mbili na sikusema. Shosho hajui chochote, usimuulize." Sasa ndipo machozi yakaja, akayafuta kwa mkono. "Ndiyo. Ndiyo, daktari. Nitakaa."

Sitakudanganya ili hadithi iishe vizuri. Wale wageni walikuja Jumamosi na wakamchukua msichana mwingine. Cherono alilala siku mbili akiwa ameugeukia ukuta, na siku ya tatu akaamka, akala chapati saba, nikajua atapona. Alikaa nje wiki nyingi kuliko alizotarajia, mpaka daktari akaridhika. Sasa anacheza tena, na kila mwisho wa mwezi anakuja kumwona Agui wake. Akifika mlangoni haulizi tena mimi ni nani. Anasema, "Agui, ni mimi Cherono," na Lang'at anaitika, "Karibu, Cherono," kama mtu ambaye hakuwahi kusahau. Sasa wanacheka wote wawili. Mimi nacheka nao, kicheko kifupi, kwa sababu mzigo wangu nimeutua.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu. Mguu ukivunjika, watu wote wanauona na wanakubebea magongo. Kichwa kikiumia hakuna anayeona, hata mwenyewe huoni, kwa maana kichwa kilichoumia ndicho unachotumia kujiangalia. Kwa hiyo usijihukumu mwenyewe. Ukigongwa, sema, ukihisi uwanja unayumba, sema, hata kama hukuanguka, sema, kisha ukae nje mpaka mwenye kujua akwambie rudi. Mficha maradhi, kilio humfichua. Mechi moja ikikupita, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kuna Jumamosi nyingi mbele, na zote unazihitaji na kichwa chako juu ya mabega.

Na wewe usiyecheza, wewe rafiki, wewe mchumba, wewe unayebeba chupa za maji kwa moyo mwema, nakuonya zaidi, kwa kuwa wewe ndiye mimi. Mtu wako atakutazama kwa yale macho na kukuomba umsaidie. Msaidie kwa kumtoa. Atakukasirikia, atakuita adui, na akae na hasira zake kivulini huku akili yake ikimrudia. Mimi niliyempenda nilimpa kila jibu, na leo hana hata moja la kwake.

Lang'at ananiita, viazi viko tayari. Ananiita Sista, jina hilo halijampotea, na kila akilitaja nasikia sifa na nasikia lawama, na naitikia yote mawili.

Nenda sasa, ukacheze kwa furaha. Mungu aipe miguu yako mbio na akilinde kichwa chako. Uzeeke una meno ya kutafuna mahindi ya kuchoma, na majina ya wajukuu wako wote yako mdomoni mwako. Na siku utakapoulizwa uko wapi na uko na nani, ujibu mwenyewe, bila mtu kukunong'oneza.